Risala ya Klabu ya Uhandisi kwa Mgeni Rasmi: Familia Iliyotunza Waya wa Mlima Sandia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mhandisi, Mwalimu Mkuu, mwenyekiti na wanachama wa bodi ya shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wafanyakazi wa shule, wanafunzi wenzetu. Itifaki imezingatiwa. Hamjambo!

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Uhandisi, tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa Eastlands, jijini Nairobi. Jumamosi ni siku ya mtu kupumzika na jamaa zake, na foleni ya kuja huku haijui wikendi. Umekubali mwaliko wa wanafunzi na umefika kabla ya saa. Ahsante sana.

Mhandisi, baada ya risala hii utatuzindulia modeli tuliyoijenga: magari mawili madogo ya kebo yanayopishana kati ya paa la maabara na mnara wa tangi la maji. Mota yake ni ya waipa ya gari, tuliinunua Grogan, barabara ya Kirinyaga. Minara yake ilichomelewa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji. Waliposikia kazi ni ya wanafunzi walikataa ujira, wakachukua bei ya vyuma peke yake. Wako nasi leo, wameketi safu ya pili, baba na wanawe wawili. Tunaomba wapigiwe makofi.

Kabla hatujakata hata kipande kimoja cha chuma, mwalimu mlezi wetu alitutaka tuchague njia moja ya kebo ulimwenguni, tuisome tangu ilipokuwa wazo hadi ilivyo sasa. Baadhi yetu walitaka La Paz, Bolivia, ambako tangu 2014 magari ya kebo yamekuwa usafiri wa kawaida wa watu kwenda kazini. Ni mfano mzuri, na Nairobi ina mengi ya kujifunza kwao. Lakini ule ni mradi wa serikali. Sisi tulitaka kuona kitu kilichoanzishwa na watu wachache, kikatoka mikononi mwa mzazi kikaingia mikononi mwa watoto, na kikaendelea kubeba abiria. Ndiyo maana tukauchagua Mlima Sandia, unaosimama upande wa mashariki wa mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani.

Tukupe picha ya mahali penyewe. Kituo cha chini cha kebo hiyo kiko mita 1,999 juu ya usawa wa bahari, yaani ni juu kuliko hapa tulipo Nairobi. Kituo cha juu kiko mita 3,163. Aliyepanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru anakijua kituo cha Met Station, mita 3,050: abiria wa Sandia hushuka juu kidogo ya hapo, akiwa amevaa viatu vyake vya mjini. Safari yote ni kilomita 4.3, karibu kama kutoka katikati ya jiji letu hadi Westlands, na huchukua kama dakika 15.

Wazo lilikuwa la wakili mmoja, Robert Nordhaus, mzaliwa wa New Mexico. Alikuwa mpenzi wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na katika Vita vya Pili vya Dunia alihudumu katika kikosi cha jeshi la Marekani kilichofunzwa kupigana milimani. Uwanja wa kutelezea ulikuwa upande wa mashariki wa mlima, na mji uko magharibi. Aliyetaka kufika huko ilimbidi auzunguke mlima mzima kwa barabara. Nordhaus alikuwa amepanda magari ya kebo huko Ulaya, akajiuliza kwa nini watu wa Albuquerque wasipande moja kwa moja kwenye uso wa mlima wanaouona kila asubuhi madirishani mwao.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Ben Abruzzo. Huyu hakuwa mwenyeji. Alizaliwa Rockford, Illinois, mwaka 1930, akaletwa Albuquerque na kazi ya jeshi la anga, naye akaamua kubaki. Wakili na mfanyabiashara huyu kijana ndio walioubeba mzigo. Wakaiita kampuni ya Bell kutoka Uswisi, nchi iliyozoea nyaya za milimani, ije isimamie uhandisi. Ujenzi ulianza 1964.

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi katika usomaji wetu, Mhandisi, kwa sababu uso wa magharibi wa Sandia ni majabali matupu. Njia nzima ina minara miwili tu. Mnara wa kwanza ulifikika kwa barabara. Wa pili haukufikika kwa gari lolote wala kwa punda, kwa hiyo saruji, vyuma, maji na watu wenyewe walipelekwa kwa helikopta. Helikopta ziliruka takriban mara 5,000 kabla kazi haijaisha. Tulijaribu kulipiga hesabu jambo hilo darasani: kila ndoo ya zege inapaa, inateremshwa juu ya mwamba penye upepo, rubani anarudi kuchukua nyingine kabla ile ya kwanza haijaanza kukauka. Hatujui kama katika klabu yetu yupo ambaye angekuwa na moyo huo. Tunatumaini yupo.

Kutoka mnara wa pili hadi kituo cha juu waya hauguswi na kitu chochote chini yake kwa mita 2,353. Abiria anapita juu ya makorongo akiwa ameshikiliwa na nyaya za chuma peke yake. Katika korongo mojawapo kungali na mabaki ya ndege ya shirika la TWA iliyougonga mlima huo Februari 1955, ikiwa na watu 16. Hakupona hata mmoja. Basi waliojenga kebo miaka michache baadaye walijua vizuri mlima ule unaweza kufanya nini mawingu yakiushukia.

Tuzungumzie mnara wa kwanza, kwa maana ndio uliotutatiza kwenye modeli. Una urefu wa mita 71, karibu theluthi mbili za KICC, na umeinama nyuzi 18. Picha yake ilipotufikia, wenzetu walidhani umeanza kuanguka. Haukuanza kuanguka, ulijengwa hivyo. Waya unaufikia mnara ukitoka chini kwa pembe moja na kuondoka kwenda juu kwa pembe nyingine, na mvuto wa pande hizo mbili ukijumlishwa hauelekei chini wima, unaelekea upande. Mnara uliosimama wima ungesukumwa ubavuni kila siku ya maisha yake. Ukiinamishwa ufuate mkondo wa ule mvuto, mzigo wote unapita ndani ya mwili wa mnara hadi kwenye msingi. Mnara wetu wa kwanza tuliujenga wima, ukapinda tulipokaza waya. Baba yetu wa Kamukunji aliutazama mara moja tu, akasema, "Uinamisheni kidogo, mtoto," na hakuwa amesoma habari za Sandia hata kidogo.

Kebo ilifunguliwa tarehe 7 Mei 1966. Kwa zaidi ya miaka 40 ilitajwa kuwa ndefu kuliko zote za aina yake duniani, mpaka ile ya Tatev, Armenia, yenye kilomita 5.7, ilipofunguliwa Oktoba 2010. Magari yake ni mawili, moja hupanda huku jingine likishuka, yameunganishwa kwa waya wa kuvuta. Uzito wa linaloshuka husaidia kulipandisha linalopanda, na mota hufanya kazi ya tofauti tu. Kila gari huchukua abiria 50 pamoja na mhudumu.

Sasa tuje kwa familia. Nordhaus aliishi hadi 2007, akafariki akiwa na miaka 97. Mwanawe mmoja, William Nordhaus, alishika njia nyingine kabisa: ni mwanauchumi, na mwaka 2018 alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kuingiza mabadiliko ya tabianchi katika hesabu za uchumi. Tunalitaja hilo kwa furaha kwa sababu wengi wetu hapa tunaambiwa kila siku tuchague kati ya kazi ya mikono na kazi ya vitabu. Katika nyumba ile moja zote mbili zilipata nafasi.

Ben Abruzzo aliishi maisha ambayo yangetosha watu watatu. Agosti 1978, yeye na wenzake Maxie Anderson na Larry Newman waliruka kwa puto kutoka Presque Isle, Maine, wakatua Miserey, Ufaransa, baada ya saa 137 angani. Walikuwa wa kwanza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa puto. Novemba 1981, akiwa na wenzake wengine, akavuka Pasifiki kutoka Japani hadi California. Mji wake una makumbusho ya maputo yenye jina lake na la Anderson. Kisha Februari 1985 ndege ndogo aliyoiendesha ilianguka karibu na Albuquerque. Alikufa pamoja na mkewe Pat na watu wengine wanne waliokuwamo. Alikuwa na miaka 54.

Mhandisi, sisi tunajua kwa kuona kinachotokea katika biashara nyingi za nyumbani mwenye mali anapoondoka ghafla. Watoto huanza na matanga, matanga yanaishia kwa wakili, na mali inauzwa kipandekipande. Gari la kebo haliwezi kusubiri mambo hayo. Waya hauna habari kwamba kuna msiba; theluji ikianguka jioni, kesho yake asubuhi lazima mtu apande akautazame. Watoto wa Abruzzo waliishika kazi. Louis Abruzzo akawa rais wa kampuni ya kebo. Familia iliendesha pia uwanja wa kuteleza wa Santa Fe, ambao ilikuwa imeununua 1984, mwaka mmoja kabla ya msiba. Mwana mwingine, Richard, alirithi puto la baba yake pamoja na ushujaa wake. Alishinda mashindano ya maputo ya Gordon Bennett mwaka 2004, na Septemba 2010, katika mashindano hayohayo, yeye na mwenzake Carol Rymer Davis wakapotelea bahari ya Adriatiki katika dhoruba. Familia hiyo ilizika tena, na magari ya kebo yakaendelea kupanda na kushuka.

Kwa maoni yetu, kilichoiwezesha familia ile kudumu si mali. Walirithishana kazi yenyewe, na hasa sehemu yake isiyoonekana na abiria. Mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika, kebo hufungwa kwa ukarabati. Hakuna tiketi inayouzwa, hakuna mapato, na mafundi wanashinda juu ya minara. Mfanyabiashara anayetazama leo tu huona siku hizo ni hasara. Anayejua kwamba mwanawe ndiye atakayekuwa na funguo baada ya miaka 20 huziona kwa jicho jingine.

Ili tuelewe wanachokagua, mzazi wa mwenzetu ambaye ni fundi wa lifti alituletea kipande cha waya wa lifti uliostaafishwa, wa urefu wa mkono. Tulikibana kwenye jiliwa, tukakisokotoa kinyume mpaka kikafunguka. Kilikuwa na misokoto 8, na katika kila msokoto nyuzi 19 za chuma, zilizolala zikikumbatiana. Katikati ya vyote tulikuta kitu laini, cha rangi ya kahawia, kimelowa grisi. Msichana mmoja wa klabu, anayetoka Mwatate, alikinusa akasema, "Huu ni mkonge." Na kweli ni mkonge, jamii ya ule unaolimwa mashambani kwao. Kazi yake ni kushikilia misokoto isibonyeane na kutunza mafuta. Mafuta yakikauka humo ndani, nyuzi za chuma husagana zenyewe kwa zenyewe, na anayetazama kwa nje huona waya mzima unaong'aa.

Waya mnene ambao magari ya kebo hutembea juu yake ni wa aina nyingine. Nyuzi zake za nje zimeundwa kwa umbo la herufi Z ili zifungane, uso uwe laini na maji yasipenye. Lakini hatari ni ileile: ugonjwa huanzia ndani. Ndiyo sababu nyaya hizo hupimwa kwa sumaku. Kifaa huuzunguka waya, sumaku hupitishwa ndani yake, na palipokatika uzi nguvu ya sumaku huvuja nje na kifaa kikaonyesha. Zaidi ya hayo, baada ya miaka kadhaa waya husogezwa mbele kidogo, ili sehemu iliyokuwa ikikaa juu ya mnara na kupindwa kila gari lipitapo ipumzike, na nyingine ichukue zamu. Tulipolisoma hilo, klabu nzima ilinyamaza. Hatukuwa tumefikiria kwamba chuma nacho hupewa likizo.

Hata hivyo mlima haukosi siku yake. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 2022, barafu iliganda kwenye waya mmoja mpaka ukalegea na kuning'inia chini kuliko kawaida, ikawa hatari kwa magari kupita. Yakasimamishwa njiani. Katika gari moja mlikuwa na watu 20, wafanyakazi wa mkahawa wa juu waliokuwa wakirudi nyumbani, na katika jingine mtu mmoja. Walilala humo angani, katika baridi, hadi waokoaji wa kujitolea wa milimani walipowafikia, wakawateremsha kwa kamba hadi kwenye mwamba na helikopta ikawachukua. Wote 21 walitoka hai. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu hatukutaka kukuletea hadithi ya chombo kisichoshindwa. Kilichotuvutia ni kwamba mwendeshaji alisimamisha magari badala ya kubahatisha, na waokoaji waliojua kazi ya kamba na majabali walipatikana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda mtu akauliza habari za New Mexico zinatuhusu nini. Nchi yetu si ngeni kwa waya. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na kuendelea hadi ukingo wa Bonde la Ufa, wajenzi walikuta mteremko ambao garimoshi halikuweza kuushuka. Walipokuwa wakiijenga njia ya kudumu, waliyashusha mabehewa kwa waya juu ya majukwaa maalumu yenye magurudumu, hadi njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901. Reli yote ya kutoka hapo hadi ziwani ilianza kwa vifaa vilivyoshuka kwa waya ule. Na kwa jirani zetu, huko Usambara, Wajerumani walikuwa na njia ya waya ya kuteremshia mbao kutoka msitu wa Shume hadi Mkumbara, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Siku hizi tunasikia tena habari za kebo. Mombasa kumezungumzwa kwa miaka mingi mradi wa kuvusha watu Likoni kwa magari ya angani. Tanzania ilitangaza mwaka 2019 kwamba inatafakari kebo ya Kilimanjaro, na wapagazi wakauliza, kwa haki kabisa, wao watakula wapi. Hatuna uwezo wa kuamua kama miradi hiyo ijengwe. Lakini baada ya kuisoma Sandia tuna neno moja la kusema mbele yako: wakaguzi wa waya wafunzwe kabla mnara wa kwanza haujasimama. Wajenzi wanaweza kuagizwa Uswisi na kurudi kwao. Mtu wa kupanda juu kila asubuhi lazima awe wa hapa.

Wala hatuhitaji kungoja mlima. Katika mitaa tunayoishi, majengo ya ghorofa nane na tisa yamejaa. Mwenzetu mmoja hukaa ghorofa ya saba katika jengo ambalo lifti yake ilisimama tangu yeye akiwa darasa la tano. Bibi yake hajashuka chini kwa hiari yake kwa muda mrefu. Hushushwa akiwa mgonjwa tu, akibebwa kwenye kiti. Lifti yenyewe bado iko, mlango wake umegeuzwa ubao wa matangazo ya kodi. Iliponunuliwa ilikuwa na bajeti. Ya kuipaka mafuta haikuwako.

Kwa hiyo, Mhandisi, tuna maombi yetu, nayo si ya fedha.

Kwanza, tunakuomba utusaidie kupata vipande vya nyaya zilizostaafu, za lifti, za kreni, za machimbo, kutoka kwa makampuni unayofanya nayo kazi. Huuzwa kama vyuma chakavu. Kwetu ni vitabu. Tutavifungua kimoja baada ya kingine na kuandika tulichokiona, na maandishi hayo tutakuletea.

Pili, tunaomba wanachama wa kidato cha tatu waruhusiwe kukaa na mafundi wako wakati wa likizo, siku ambazo mashine imezimwa na inakaguliwa. Ziara za shule kwa kawaida hupelekwa kutazama mashine ikifanya kazi. Sisi tungependa kuiona ikiwa imefunguliwa.

Tatu, unakaa katika vikao ambako mitaala ya vyuo vya ufundi hujadiliwa. Tunaomba uwasemee watu kama hawa wa safu ya pili. Baba huyu ana ujuzi wa miaka mingi na hana cheti. Wanawe wameupata ujuzi huo kwake na vyeti hawana pia. Kampuni inayotafuta fundi wa minara haiwezi kuwaajiri hata ikitaka. Kukiwa na njia ya kuupima ujuzi wa karakana na kuutambua rasmi kwa kazi za nyaya na minara, familia kama hii itaweza kuomba kandarasi kwa jina lake yenyewe, na wajukuu wataikuta kampuni.

Orodha ya wanachama, michoro ya modeli na kipande kile cha waya tumeviweka kwenye meza iliyo mkono wako wa kulia. Tafadhali kishike kipande hicho kabla hujaondoka, ingawa grisi yake haitoki upesi, kitambaa kipo.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza, na tunakutakia wewe na jamaa yako afya njema.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Uhandisi
Nairobi